Kompyuta imemaliza, sasa nani anaangalia?

Wiki chache zilizopita kijana mmoja aliyetoka kumaliza chuo, mambo ya kompyuta, alipita ofisini akaiangalia skrini yangu kidogo akaniuliza, "Kaka, hii kazi si siku hizi AI inaifanya kwa dakika moja?" Nikamwambia ndiyo, inaifanya. Akanitazama. "Sasa mbona uko hapa tangu asubuhi?" Nilicheka lakini swali lilinikaa, maana jibu lake halitoshi kwenye sentensi moja, ndo nimeona niandike.

Kazi yangu ni kupima ubongo kwenye picha za MRI, zile za mashine ya sumaku. Sisomi picha kama daktari wa radiolojia, mi napima tu, sehemu fulani ina ujazo gani, kushoto kiasi gani na kulia kiasi gani. Na huwezi kupima kitu ambacho hujakichorea mpaka, lazima kwanza useme nukta hii ni hipokampasi (sehemu ndogo ya ubongo inayohusika na kumbukumbu), ya jirani yake ni maji ya ubongo, ile kule ni mshipa, na hiyo kuchora mipaka ndo tunaita segmentesheni. Mradi niliomo ni wa kifafa, ile aina inayoanzia sehemu ya ubongo iliyo usawa wa sikio. Kwa wagonjwa wengi wa aina hii hipokampasi ya upande mmoja inakuwa imesinyaa na kuwa kama kovu, na ukikaa na mama mzazi akakuhadithia utoto wa mgonjwa, si ajabu ukasikia kulikuwa na degedege, tena lile refu lisilokatika.

Sasa hipokampasi ni kitu kidogo. Ukubwa wake ni mililita 3 hadi 4 hivi kila upande, umbo lake kama kidole kidogo kilichopindwa. Picha nzuri ya utafiti ni boksi la vokseli 256 kila upande, yaani vokseli 16,777,216 (vokseli ni pikseli yenye kina, kila moja milimita moja). Ndani ya hizo milioni kumi na sita na ushee, hipokampasi zote mbili ni kama 7,000. Kwenye kila vokseli elfu kumi, nne tu ndo nazitaka, zilizobaki ni fuvu, macho, shingo, hewa, na ubongo mwingine ambao kwa swali langu la leo hauna kazi.

Zamani mtu alikaa akachora kwa mkono, slesi (kipande chembamba cha picha) moja baada ya nyingine, saa nzima au zaidi kwa mgonjwa mmoja na bado kesho yake akirudia anachora tofauti kidogo. Ikaja programu ya FreeSurfer, ya watu wa Boston, inakufanyia yenyewe ila inachukua saa 6 mpaka 10 kwa kichwa kimoja. Piga hesabu, wagonjwa 200 kwa saa 8 ni saa 1,600, ukiwapanga foleni mmoja mmoja ni siku 66 na ushee, na hapo hatujaongelea umeme kukatika saa nane usiku ukaja asubuhi kuanza kutafuta kazi iliishia hatua ya ngapi. Unaweza kuendesha kadhaa kwa pamoja kama mashine ina nguvu, lakini yangu ilikuwa inaanza kupumua kama daladala mlimani ukifika mgonjwa wa tano.

Halafu mwaka 2015 jamaa wa Freiburg, Ujerumani, wakatoa U-Net, mtandao wa neva (aina ya AI inayojifunza kwa mifano) uliotengenezwa maalumu kuchora mipaka kwenye picha za kitabibu, na karibu kila kitu unachokisikia leo kwenye fani hii ni mtoto au mjukuu wake. Mwaka 2020 wenzao wa Bonn wakatoa FastSurfer, inagawa ubongo sehemu 95 kwa muda usiozidi dakika moja ukiwa na GPU ya maana, ile chipu ya hesabu nyingi kwa pamoja. Mbinu yao naipenda kwa sababu ni ya akili ya kawaida kabisa, badala ya kulimeza boksi zima kwa mara moja na kumaliza memori, inachukua slesi saba saba, inaangalia kwa pande tatu, yaani kutokea juu, mbele na ubavuni, kisha pande zote tatu zinapatanisha majibu yao. Yaani ni kama wazee watatu waliosimama kona tofauti za shamba moja, kila mmoja anaonyesha anapoona mpaka.

Basi nikadhani nimepona. Kumbe picha zetu nyingi si za utafiti, ni za hospitali, slesi zina unene wa milimita 5 maana mgonjwa anatakiwa atoke haraka aingie mwingine. Hipokampasi kimo chake ni kama sentimita moja, sasa ukiikata kwa slesi nene hivyo unaipata kwenye slesi mbili tatu basi, kama kutafuta zabibu kavu kwenye mkate uliokatwa vipande vinene. Programu nyingi zimefunzwa kwa picha safi, ukizipa hizi zinachora madudu bila hata aibu.

Hapo ndo programu nyingine, SynthSeg, ilinisaidia. Walioitengeneza hawakuifunza kwa picha halisi, walichukua ramani za ubongo zilizokwisha kuchorwa wakazitengenezea picha za kubuni, rangi za ovyo, ukungu, slesi nene, kelele, chochote. Ni sawa na mtu aliyezoea kuongea na ndugu zake kwa simu mbovu tangu utoto, mtandao ukisumbua vipi bado anajua anayeongea ni nani. Inafanya kazi hata kwenye CPU ya kawaida, chipu kuu iliyomo kwenye kila kompyuta, dakika chache tu. Lakini sidanganyi, kwenye slesi za milimita 5 siiamini kwa tofauti ndogo ndogo. Ikiniambia kushoto kumesinyaa kwa theluthi moja, naisikiliza. Ikiniambia tofauti ni asilimia tatu, nafunga laptopu naenda kula.

Na msidhani picha duni hazifai kwa utafiti. Kule Blantyre, Malawi, walikuwa na mashine ya tesla 0.35 tu (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), wakati za hospitali kubwa nyingi ni 1.5 au 3, na kwa mashine hiyo wakapima watoto 168 wenye malaria ya ubongo. Waliofariki walikuwa 25, na 21 kati yao ubongo ulikuwa umevimba sana, wakati kwa walionusurika ni 39 tu kati ya 143. Ilitoka mwaka 2015. Uvimbe wenyewe wataalamu waliupa alama kwa macho, mtoto mmoja mmoja. Kwa hiyo segmentesheni inayofanya kazi kwenye mashine ndogo kwetu ni jambo la maana kuliko ile inayoshinda mashindano kwa picha za tesla 3.

Sasa nirudi kwa yule kijana. Mashine ilipokuwa polepole, mashine ndo ilikuwa foleni. Ilipokuwa na kasi, foleni ikahamia kwangu. Kukagua mgonjwa mmoja vizuri ni dakika 10, wagonjwa 200 ni dakika 2,000, saa 33 za kukodolea macho, na ukifika wa sitini unaanza kuona hipokampasi hata kwenye chapati.

Na usipokagua yanakukuta yaliyonikuta mimi. Nilikimbiza skani arobaini usiku mmoja, asubuhi namba zimejaa, nzuri, zinapendeza, nikampelekea daktari wetu wa neva. Baada ya siku mbili akanipigia. Nikamwamkia, "Shikamoo Dokta." "Marahaba. Hebu niambie, huyu namba 17 si kovu lake liko kushoto? Mbona wewe umesema kulia ndo kumesinyaa?" Jasho lilinitoka. Skripti yangu, programu fupi niliyoiandika mwenyewe, ilikuwa inakata picha iwe ndogo ili kazi iende haraka, kisha inaihifadhi upya bila ile taarifa ya kichwa cha faili inayosema upande upi ni upi. Kushoto kukawa kulia. Ubongo kwa jicho unakaribia kufanana pande zote, hutajua kitu, na kifafa hiki kuna watu wanafanyiwa upasuaji kwa kufuata upande. Yetu ilikuwa tafiti tu, hakuna aliyekatwa, lakini usiku ule sikulala.

Kwa hiyo siku hizi nafanya hivi. Kila skani inapita kwenye programu mbili, halafu nazilinganisha kwa kipimo cha Dice, unachukua eneo walilokubaliana mara mbili unagawa kwa jumla ya yote mawili. Hii ikisema vokseli 3,500 na ile 3,500, na walizokubaliana ni 3,000, unapata 0.857. Zikikubaliana nampitia mgonjwa kwa sekunde ishirini, picha sita za slesi kwenye ukurasa mmoja, napiga jicho naendelea. Zikigombana, au ujazo ukiwa wa ajabu ukilinganisha na ukubwa wa kichwa, huyo anaingia folda nyekundu, huyo ndo namkalia dakika kumi au ishirini. Macho yangu ndo kitu ghali kwenye ofisi hii, siyo GPU.

Mengine ni madogo. Modeli, yaani ule mtandao uliokwisha kufunzwa, naipakia kwenye memori mara moja kwa wagonjwa wote badala ya mara mia mbili, hiyo peke yake ilinipa mshangao. Namba za biti 16 badala ya 32, memori inapungua karibu nusu. Na toleo la programu halibadilishwi katikati ya mradi hata likitoka jipya lenye mbwembwe, kuna tafiti ya 2012 ilionyesha FreeSurfer ile ile ukibadilisha toleo au hata kompyuta, ujazo unabadilika kwa ubongo ule ule.

Na ile ya kushoto na kulia tumeimaliza kishamba kabisa: kabla mgonjwa hajaingia kwenye mashine, fundi wa picha anambandika kidonge cha vitamini E kwenye paji upande wa kulia, kwa plasta. Mafuta yanawaka meupe kwenye picha, skripti ifanye itakavyo, kidonge kiko pale. Mama wa duka la dawa ng'ambo ya barabara juzi kaniuliza sisi wanaume wa pale ndani tuna tatizo gani la ngozi.