Bamia, kongoro na magoti yaliyosagika

Hapa Tanga, mtu mzima akishika goti tu huku anainuka, ataambiwa: "Ute umekwisha huo, kanywe maji ya bamia." Mama yangu, pale kwetu Makorora, ameyanywa miezi mitatu. Usiku anakatakata bamia tano, anazitia kwenye bilauri ya maji, asubuhi anameza ule mlenda kabla ya chai. Goti likabaki vilevile.

Simlaumu, maana kinachoteleza kinaonekana kama kitakwenda kutelezesha. Lakini mlenda wa bamia unaishia tumboni, hauna njia ya kufika gotini. Ute wa goti hutengenezwa na utando unaokizunguka kiungo chenyewe. Tena goti bovu mara nyingi huwa na maji kupita kiasi, ndiyo maana linavimba. Kilichopungua si ute, ni gegedu.

Ukitaka kulijua gegedu, nenda kwa muuza nyama, mwombe akupasulie kiungo cha mguu wa mbuzi. Kwenye ncha ya mfupa utaona tabaka jeupe linalong'aa kama kauri iliyolowa. Lipitishie kidole, linateleza. Likwangue kwa kisu: mfupa wa chini una wekundu wa damu, lenyewe halina hata tone. Halina mishipa ya damu wala ya fahamu. Kidonda cha ngozi hupona kwa sababu damu hukiletea vya kujengea, ila gegedu hutegemea ule ute tu. Ukikanyaga linaminywa, ukiinua mguu linafyonza, kama dodoki kwenye beseni. Seli zake ni chache, na umri ukisogea zinachoka, gegedu linashika maji kidogo kuliko zamani na kuwa jepesi kuchanika.

Wengine huamini linajiotea upya kama kucha. Kilichonishangaza mimi ni utafiti wa Denmaki uliotolewa mwaka 2016. Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960 yaliacha kaboni ya aina yake hewani, ikaingia kwenye vyakula na miili ya watu. Watafiti wakaitumia kupima umri wa kolajeni, zile nyuzi zinazolishika gegedu la goti. Wakakuta ni ileile iliyowekwa utotoni na ujanani. Ukubwani haibadilishwi, au ni kidogo mno. Kwa hiyo goti la miaka 70 linatembelea nyuzi za miaka hamsini na zaidi.

Supu ya kongoro? Ni chakula kizuri, inyweni. Ila kolajeni yake husagwa tumboni kama protini nyingine yoyote, haina anwani ya goti. Vidonge vya glukosamini, vinavyouzwa kama dawa ya viungo, navyo vilipimwa Marekani kwa wagonjwa zaidi ya 1,500, matokeo yakatoka 2006: kwa jumla havikushinda vidonge visivyo na dawa. Maji ya moto ya salfa kule Amboni yanatuliza maumivu, na kutulia ni jambo la maana, lakini hayaoteshi kitu.

Linaloniuma zaidi ni hili la "pumzisha goti, kutembea kunalimaliza." Mama alikaa kitandani wiki nyingi kwa ushauri huo, paja likanywea, goti likazidi kulegea. Gegedu lisilominywa halilishwi! Na sisi tuko mji wa baiskeli. Kupiga pedali taratibu kwenye barabara zetu tambarare ni katika mazoezi rafiki kwa goti, kwa kuwa uzito unabebwa na tandiko. Kwa mnene, kila kilo 1 inayopungua hulipunguzia goti mzigo wa kama kilo 4 kwa kila hatua.

Je, gegedu linaweza kufanywa upya? Tangu 1994 madaktari wa Sweden walionyesha kwamba seli za mgonjwa zinaweza kukuzwa maabara na kurudishwa gotini, lakini tiba hiyo ni ya shimo dogo, hasa kwa vijana walioumia, si ya goti zima lililosagika. Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizuia kimeng'enya kimoja kwenye panya wazee, gegedu lao likanenepa. Ni habari njema kweli, ila ni panya. Anayekuuzia leo dawa ya kuotesha gegedu anakudanganya. Goti lililokwisha kabisa hubadilishwa kwa upasuaji, na Taasisi ya Mifupa (MOI) pale Muhimbili, Dar es Salaam, wanafanya.

Siku hizi, muda uleule aliokuwa akinywa bamia, mama anaketi kwenye kiti cha jikoni na kusimama mara kumi bila kushika meza. Gegedu halijaota. Ngazi za kwa dadake Chumbageni anazipanda mwenyewe.