Oili Inapodondokea Sipo Inapovujia
Kwa miaka mingi watu wameamini kwamba tone la oili likining'inia kwenye sampo (beseni la oili la injini), basi gasketi ya sampo, yaani utando unaoziba maungio yake, imekufa. Mara nyingi sivyo. Sampo iko chini kabisa ya injini, kwa hiyo oili inayotoka juu hutiririka hadi hapo kabla ya kudondoka. Gari likiwa mwendoni, upepo nao huisukuma nyuma. Ndiyo maana gasketi iliyokakamaa ya kava ya vali, kifuniko cha juu ya injini, huweza kulowesha maungio ya injini na giaboksi, na fundi akashusha giaboksi ili abadilishe sili ya nyuma ya krenki, yaani pete inayozuia oili mhimili wa injini unapotokea upande wa giaboksi. Ni kazi kubwa, ya gharama, na inauma sana ikifanywa bure.

Osha injini kwanza kwa dawa ya kuondoa grisi, iache ikauke, endesha kidogo, kisha mulika kwa tochi ukianzia juu. Palipolowa juu zaidi ndipo pa kutilia shaka: kava, swichi ya presha ya oili, kitako cha filta. Uvujaji mdogo sana hufichuliwa na rangi maalumu inayochanganywa na oili, ambayo hung'aa chini ya taa ya urujuanimno.

Kabla ya kubadilisha sili yoyote, kagua vali ya kupumulia ya injini, inayotoa gesi zinazojikusanya ndani. Ikiziba, presha hupanda ndani na kusukuma oili hata kwenye sili nzima. Sili mpya nayo itavuja. Bolti za kava nazo zisikazwe kupita kiasi: gasketi hubinyika, kava hupinda, na oili hutoka zaidi.