Mrushaji wa akiba katika besiboli na maana ya kutegemewa

Katika besiboli ya kulipwa, mrushaji ni anayemtupia mpira mpigaji wa timu pinzani, na mrushaji wa akiba ni yule anayeingia mechi ikiwa tayari inaendelea ili kumpokea mrushaji aliyeianza. Hali yake haifanani na ya mchezaji wa akiba wa soka, ambaye anaweza kukaa benchi mwezi mzima bila kuitwa. Mechi ina vipindi tisa, mkono wa mrushaji wa kwanza huchoka, na wapigaji wanaokutana naye kwa mara ya tatu huwa wamekwisha kuizoea mirusho yake; kwa hiyo kocha hupanga mapema nani atampokea. Aliyeanza hupumzika siku nne au tano, ilhali wa akiba huweza kuitwa siku mbili au tatu mfululizo, na mara nyingine hupasha mkono moto kwa dakika nyingi kisha asiingie kabisa, juhudi ambayo haionekani katika takwimu rasmi.

Ugumu wa kumpima unaanzia hapo. Akiingia wakati wapinzani wawili wamekwisha kufika kwenye vituo ambavyo mchezaji huvizunguka ili kupata alama, nao wakafunga kwa sababu mpira wake umepigwa, alama hizo huandikwa kwa jina la mrushaji aliyetoka. Wastani wa alama anazofungwa huyo wa akiba unabaki safi hata kama ameipoteza mechi. Hesabu ya mechi zilizookolewa, iliyobuniwa na mwandishi wa michezo wa Chicago, Jerome Holtzman, na kufanywa rasmi mwaka 1969, nayo humtukuza zaidi anayeimaliza mechi timu yake ikiongoza kwa alama chache, huku aliyezima hatari katika kipindi cha saba akisahauliwa. Kwa maoni yangu, kipimo cha haki zaidi ni kuitwa tena na tena kwa miaka mingi, maana hakuna kocha anayemkabidhi mpira mtu asiyemwamini.

Kwa kipimo hicho hakuna anayemfikia Jesse Orosco, mrushaji wa mkono wa kushoto aliyecheza katika ligi kuu ya Marekani kuanzia 1979 hadi 2003, akapitia timu tisa na kuingia katika mechi 1,252, idadi ambayo hakuna mrushaji mwingine aliyeifikia. Mwanzoni alikuwa nyota wa New York Mets: mwaka 1983 wastani wake ulikuwa alama 1.47 kwa kila vipindi tisa, na mwaka 1986 alihesabiwa ushindi wa mechi tatu katika mfululizo mmoja dhidi ya Houston Astros, kabla ya kumtoa mpigaji wa mwisho wa Boston Red Sox na kuipa timu yake ubingwa. Picha yake akiirusha glovu yake juu usiku ule ndiyo wengi wanayoikumbuka.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi ilikuja baadaye, na haikuwa na shangwe hiyo. Kadiri umri ulivyosonga, makocha walimtumia zaidi dhidi ya wapigaji wa mkono wa kushoto, ambao kwa kawaida hupata taabu kuufuata mpira unaotoka upande huo huo. Mara nyingine alimkabili mpigaji mmoja tu, kisha akatolewa. Ndiyo sababu mechi zake 1,252 zina jumla ya vipindi 1,295 hivi, yaani kipindi kimoja na ushei kwa kila mechi. Kwa kazi hiyo fupi aliweza kudumu hadi umri wa miaka 46.

Mwaka 2020 ligi ilianza kumtaka kila mrushaji anayeingia akabiliane na wapigaji wasiopungua watatu, au amalize kipindi, isipokuwa akiumia au kuugua. Lengo lilikuwa kupunguza usimamaji wa mchezo unaotokana na kubadilisha warushaji kila mara. Ajira ya kumtoa mtu mmoja na kurudi kuketi ikatoweka karibu yote, na mrushaji wa mkono wa kushoto anayetaka mkataba sasa hana budi kuonyesha kwamba anawamudu pia wapigaji wa mkono wa kulia.