Je, Wajua Kwa Nini Hesabu za Jimbo Zaweza Kuwa Safi Huku Zahanati Ikikosa Dawa?

Nchini Afrika Kusini, idara ya serikali ya jimbo inaweza kufunga mwaka wa fedha bila kuvuka bajeti yake hata kwa randi moja, hesabu zake zikapita mikononi mwa Mkaguzi Mkuu bila kutiwa doa, na bado wagonjwa wakapanga foleni katika zahanati ya idara hiyohiyo na kurudi nyumbani mikono mitupu. Wengi wakisikia hivyo hudhani kwamba lazima yupo aliyedanganya. Mara nyingine kweli yupo, na mfano wake utakuja huko mbele. Lakini hali hiyo inaweza kutokea pasipo uongo wowote kuandikwa. Jibu limo katika namna ripoti zenyewe zinavyotengenezwa: ripoti ya fedha hufuata malipo, ripoti ya hali ya jamii hufuata maisha ya watu, na njia zake hukutana mahali pachache sana.

Afrika Kusini ina majimbo 9 tangu 1994, ilipoachana na majimbo 4 ya zamani na Bantustani 10, yaani maeneo waliyotengewa Waafrika weusi, za enzi ya ubaguzi wa rangi. Katiba ya 1996 iliyakabidhi majimbo hayo uendeshaji wa shule, hospitali, zahanati na huduma za ustawi wa jamii, wakati sera kuu na viwango vya kitaifa huwekwa na serikali kuu. Zamani hata pensheni za wazee na ruzuku za watoto zilipitia katika bajeti za majimbo, zikawa zinabana elimu na afya kila zilipoongezeka, hadi malipo hayo yalipohamishiwa kwa wakala wa kitaifa uitwao SASSA uliofungua milango yake 2006. Kilichobaki majimboni ni hasa mwalimu, muuguzi na daktari, ndiyo maana mishahara humeza zaidi ya nusu ya matumizi.

Kuhusu shughuli hizo, jimbo hutoa maandishi ya aina mbili. Ya kwanza ni ya fedha: makadirio ya mapato na matumizi, taarifa za utekelezaji wa bajeti ambazo sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 1999 inataka zichapishwe katika Gazeti la Serikali angalau kila robo mwaka, na ripoti ya mwaka ya kila idara yenye hesabu zilizokaguliwa. Ya pili ni tathmini ya uchumi na hali ya jamii, ambayo Hazina za majimbo kama Gauteng na KwaZulu-Natal huiandaa ili bajeti iwe na pa kusimamia: idadi ya watu, ajira, umaskini, elimu, maradhi, maji na makazi. Takwimu zake nyingi hutoka kwa shirika la takwimu la taifa, Stats SA, wala si kwa idara zinazotumia pesa. Jambo hilo ni zuri kwa uhuru wa takwimu, lakini lina gharama yake: anayehesabu watu wasio na maji hajui ankara ya bomba ililipwa lini, na anayelipa ankara hajui kama bomba linatoa maji.

Mahali ambapo aina hizi mbili hukutana kweli ni katika mgawanyo wa mapato ya taifa. Majimbo hujikusanyia yenyewe kiasi kidogo mno, takriban asilimia 3 tu ya mapato yao, kutokana na leseni za magari, kodi za kasino, ada za wagonjwa wa hospitali na vyanzo vingine vidogo. Karibu yote mengine hutoka serikali kuu mjini Pretoria, sehemu ikiwa ruzuku zenye masharti na sehemu kubwa zaidi ikiwa mgao wa haki unaotajwa katika kifungu cha 214 cha Katiba. Mgao huo, ambao kwa majimbo yote 9 umekwisha kupita randi bilioni 500 kwa mwaka, hugawanywa kwa fomula yenye vipengele 6: elimu asilimia 48, afya asilimia 27, mgao wa msingi unaofuata idadi ya watu asilimia 16, gharama za kuendesha serikali asilimia 5, umaskini asilimia 3 na shughuli za uchumi asilimia 1.

Hapa takwimu ya jamii hugeuka kuwa pesa. Kipengele cha elimu hutazama watoto wenye umri wa miaka 5 hadi 17 na wanafunzi walioandikishwa; kile cha afya hutazama watu wasio na bima, hatari za maradhi zinazowakabili na mzigo wa kazi katika zahanati na hospitali. Asilimia 5 ya gharama za serikali hugawanywa sawasawa kwa majimbo yote, kwa sababu hata jimbo dogo lazima liwe na bunge na Hazina yake. Kwa sensa ya 2022, Northern Cape ilikuwa na watu takriban milioni 1.36 waliotawanyika katika karibu theluthi moja ya ardhi ya nchi, na Gauteng ilikuwa na watu takriban milioni 15.1 waliobanana katika jimbo dogo kuliko yote kwa eneo. Katika kipengele hicho kimoja kila jimbo hupata sehemu ileile. Umaskini nao, ambao mtu angetarajia ubebe uzito mkubwa, una asilimia 3 tu, na kwa miaka mingi kipengele hicho kilitegemea utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2010/11. Watetezi wa fomula hujibu kwamba umaskini umekwisha kuingia kwa mlango wa elimu na afya, kwa kuwa maskini ndio wanaotumia shule na zahanati za serikali. Hoja hiyo ina nguvu, ingawa haiondoi ukweli kwamba mtoto wa kijiji cha mbali hugharimu zaidi kufundishwa kuliko mwenzake wa mjini.

Tena kuna jambo ambalo hata waandishi wa habari hulikosea: asilimia 48 ya elimu si amri ya kutumia asilimia 48 kwa elimu. Fomula huamua jimbo lipate kiasi gani. Bunge la jimbo ndilo huamua kitumikeje. Kwa hiyo idadi ya wagonjwa inaweza kuliletea jimbo pesa ambazo hatimaye haziwafikii wagonjwa hao, na hakuna kanuni yoyote ya uhasibu itakayokuwa imevunjwa.

Tugeukie sasa ukaguzi. Kwa Afrika Kusini, kinachoitwa ukaguzi safi kina maana tatu zinazokwenda pamoja: taarifa za fedha ni sahihi, taarifa ya utendaji haina kasoro kubwa, na sheria muhimu zimefuatwa. Ni kipimo kigumu, na idara inayokifikia imefanya kazi ya kweli. Lakini angalia kinachopimwa katika utendaji. Mkaguzi huuliza kama shabaha ilieleweka, kama inapimika, na kama idadi iliyoripotiwa ina ushahidi. Idara iliyojiwekea shabaha ya kutembelea zahanati 40 na ikatembelea 40, ikiwa na vitabu vya wageni vya kuthibitisha, imeripoti kwa ukweli. Kama ziara hizo zilimpatia mgonjwa dawa ni swali jingine, na ofisi ya Mkaguzi Mkuu yenyewe, inayoongozwa na Tsakani Maluleke tangu Desemba 2020, imekuwa ikikumbusha kwamba ukaguzi safi peke yake si ushahidi wa huduma bora.

Sehemu inayoficha mengi zaidi, kwa maoni yangu, ni namna malipo yanavyohesabiwa. Idara za serikali za Afrika Kusini hutumia mfumo wa fedha taslimu uliorekebishwa, ambao huandika matumizi pale pesa inapotoka, si pale bidhaa inapopokelewa. Tuseme hospitali inaagiza dawa Februari, dawa zinafika, na ankara ya randi milioni 10 inatua mezani kwa mhasibu katikati ya Machi, wakati fungu la dawa limebaki na milioni 2. Mwaka wa fedha unafungwa tarehe 31 Machi. Kanuni za Hazina zinataka mzabuni alipwe ndani ya siku 30, lakini akilipwa kiasi chote kabla ya tarehe hiyo idara itakuwa imevuka fungu lake, na kosa hilo litaandikwa kama matumizi yasiyoidhinishwa. Afisa masuhuli, yaani mkuu wa idara anayewajibika kwa fedha zake, akilipa zile milioni 2 na kuacha zilizobaki hadi Aprili, vitabu vinafungwa bila kuvuka kitu. Lile deni la milioni 8 halikufutwa. Limetajwa katika maelezo ya ziada mwishoni mwa hesabu, kurasa nyingi nyuma ya jedwali linaloonyesha kwamba bajeti imetumika kama ilivyopangwa.

Aprili inapofika, deni hilo hulipwa kwanza kutoka bajeti mpya, kwa hiyo mwaka unaanza ukiwa umepungua. Ikifika Novemba au Desemba pesa za dawa zimekauka, mzabuni ambaye amechoka kungoja anasimamisha mzigo, na rafu za zahanati zinabaki tupu. Mwaka unaofuata deni huwa kubwa zaidi. Madai ya fidia kwa uzembe wa matibabu huongeza uzito uleule: familia ya mtoto aliyepata madhara ya ubongo wakati wa kuzaliwa inapofungua kesi, dai huwekwa katika maelezo ya ziada kama deni tarajiwa, na siku mahakama inapoamua, fedha hutoka katika bajeti ileile ya kuendesha hospitali. Idara ya afya ya Eastern Cape ni miongoni mwa zilizoumizwa sana na madai ya namna hii.

Limpopo ilionyesha ni nini hutokea pale karatasi na pesa zinapotengana kabisa. Desemba 2011, jimbo likiwa limeishiwa fedha za kuendesha shughuli, serikali kuu ilitumia kifungu cha 100 cha Katiba kuchukua usimamizi wa idara zake 5, zikiwemo Hazina, Elimu na Afya. Mwaka wa shule wa Afrika Kusini huanza Januari, ndani ya robo ya mwisho ya mwaka wa fedha, na 2012 ndio mwaka ambao mtaala mpya ulianza katika madarasa ya kwanza hadi la tatu na la kumi. Miezi ikapita vitabu havijafika. Mei 2012 Mahakama Kuu ya Pretoria iliamua kwamba kutovipeleka kulikiuka haki ya watoto ya elimu ya msingi, ikaagiza vifikishwe ifikapo katikati ya Juni. Katika ripoti ya fedha vitabu hivyo ni mstari mmoja wa pesa ambayo haijatumika, na mstari kama huo, kwa msomaji asiyejua kilicho nyuma yake, unaweza hata kuonekana kama ubanaji mzuri wa matumizi.

Basi tufike kwa udanganyifu. Agosti 2021 Babita Deokaran, afisa mwandamizi wa uhasibu katika Idara ya Afya ya Gauteng, alipigwa risasi na kuuawa nje ya nyumba yake mjini Johannesburg, wiki chache baada ya kutilia shaka mamia ya malipo ya hospitali ya Tembisa na kutaka yachunguzwe. Watu 6 walikiri kuhusika na mauaji hayo 2023 na kufungwa. Malipo mengi yaliyotiliwa shaka yalikuwa chini ya randi 500,000, kiwango ambacho wakati huo kikivukwa kililazimisha zabuni ya wazi. Jedwali la ripoti ya mwaka halionyeshi malipo moja moja. Linaonyesha jumla ya vifaa tiba, na katika jumla hiyo ununuzi halali na ununuzi uliokatwakatwa ili kukwepa zabuni vinafanana kabisa. Wa kuutambua ni mtu aliyekaa na orodha yenyewe, ankara kwa ankara.

Ripoti za hali ya jamii nazo zisionewe huruma. Sensa ya 2022, kwa tathmini iliyofanywa baada yake, iliwakosa takriban asilimia 31 ya watu, wakalazimika kukadiriwa kwa hesabu. Ukosefu wa ajira una vipimo viwili, kimoja kikiwahesabu tu wanaotafuta kazi na kingine kikiwajumuisha waliokata tamaa. Katika Limpopo na Eastern Cape pengo kati ya vipimo hivyo huwa kubwa, katika Western Cape huwa dogo, hivyo anayechagua kipimo kimoja amekwisha chagua jimbo gani lionekane taabani.

Halafu kuna kalenda. Hesabu za mwaka ulioisha 31 Machi humfikia mkaguzi kufikia mwisho wa Mei, naye ana miezi miwili ya kuzikagua. Ripoti kamili hutakiwa iwe tayari mwisho wa Agosti na iwe mbele ya bunge la jimbo kufikia mwisho wa Septemba. Kamati ya hesabu za serikali inapoanza kumhoji afisa masuhuli, nusu ya bajeti mpya imekwisha kutumika. Tangu Aprili 2019 sheria iliyorekebishwa inampa Mkaguzi Mkuu uwezo wa kufuatilia ukiukaji uliosababisha hasara kubwa, na hata kumdai afisa masuhuli fedha zilizopotea, lakini uwezo huo huanza na kosa lililoonekana, na ankara iliyosogezwa hadi Aprili hailiandiki kosa hilo kwa herufi kubwa. Mwenye kutaka kuiona afungue maelezo ya ziada ya hesabu, mahali ambapo madeni yasiyolipwa yamegawanywa katika safu mbili, ya siku 30 na ya zaidi ya siku 30, kisha aweke safu ya pili ya miaka mitatu mfululizo pembeni ya fungu la dawa la mwaka unaofuata.