Ikweta haituzuilii vimbunga

Pwani ya Tanzania wengi huamini kimbunga ni balaa la Msumbiji na Madagaska. Sisi ikweta inatukinga. Kuna ukweli kidogo: karibu na ikweta, athari ya mzunguko wa dunia inayoufanya upepo ujizungushe ni hafifu, hivyo vimbunga ni nadra. Lakini vinakuja. Aprili 1872 kimoja kiliipiga Unguja, kikazamisha meli za Sultani Barghash bandarini na kung'oa mikarafuu shamba baada ya shamba. Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa, na kilimo cha karafuu kikashamiri huko. Lindi ilipigwa 1952. Mafia, kimbunga Hidaya kiliifikia Mei 2024. Tafadhali, Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari, ngalawa isitoke.