Jeni zinazokinga Alzheimer: yanayosemwa na yaliyopo

"Ukoo wao ndio ulivyo, wakizeeka hupotewa na kumbukumbu. Zamu yake nayo itafika." Hunena hivyo watu, kana kwamba ugonjwa wa Alzheimer ni shamba la urithi. Kwa wagonjwa walio wengi, jeni huongeza au hupunguza uwezekano tu. Koo ambazo kasoro ya jeni moja huleta ugonjwa karibu kila mara ni chache, na mkubwa kuliko zote unaojulikana uko Antioquia, Kolombia. Aliyerithi kasoro yao, iliyo kwenye jeni ya PSEN1, huanza kusahau akiwa na miaka 44 hivi. Daktari Francisco Lopera wa Medellín aliwafuatilia kwa takriban miaka 40.

Na humo humo ndimo kinga ilimoonekana. Mwanamke mmoja wa ukoo huo alikuwa na kasoro ile ile, lakini akili yake ilibaki timamu hadi alipopita miaka 70. Maelezo yalitolewa mwaka 2019: alirithi kwa baba na kwa mama badiliko adimu la jeni ya APOE, liitwalo Christchurch kwa jina la mji wa New Zealand.

Wengine hudhani ubongo ukishajaa utando wa protini ya amiloidi, basi mtu kwisha. Wake ulijaa kweli, tena sana. Kilichokuwa kidogo ni protini nyingine, tau, ile inayokwenda sambamba na kufa kwa seli za ubongo.

Je, kurithi badiliko hilo kwa mzazi mmoja kunatosha? Ndugu zake 27 wa namna hiyo, walioripotiwa mwaka 2024, waliugua, ila walichelewa kama miaka mitano. Miaka mitano ya kuwatambua wajukuu wako si haba.

APOE4, aina ya jeni hiyo ya APOE inayoongeza hatari, nayo haina uzito mmoja kila mahali. Miongoni mwa Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, ni ya kawaida, lakini athari yake imeonekana kuwa hafifu kuliko kwa Wazungu.

Wala jeni ya kinga haikingi kila kitu. APOE2, aina nyingine ya APOE, hupunguza hatari ya Alzheimer, ila baadhi ya walioirithi kwa wazazi wote wawili hupata mafuta mengi kwenye damu. Yule mwanamke wa Kolombia naye, kwa badiliko lake la Christchurch, alikuwa na mafuta mengi kwenye damu.