Mwenyekiti asiye na jeshi: yanayosemwa vibaya kuhusu sheria ya Goldwater-Nichols

Kila Marekani inapopiga mahali, redio zetu hutangaza kwamba "Mkuu wa Majeshi ya Marekani" amesema hili au lile. Msikilizaji wa Dar es Salaam au Nairobi anaelewa papo hapo: huyo ndiye mwenye amri, kama CDF wetu. Siyo. Cheo chake ni Mwenyekiti wa Kamati ya Wakuu wa Majeshi, na kisheria hana hata kuruta mmoja wa kumwamuru vitani. Amri hutoka kwa Rais, hupita kwa Waziri wa Ulinzi, kisha hushuka kwa kamanda wa eneo husika. Mwenyekiti anaweza kutumwa kuifikisha, lakini si yake. Kazi yake ni kushauri. Utaratibu huo ulikazwa na sheria ya Goldwater-Nichols ya mwaka 1986, iliyopewa majina ya wabunge wawili, ambayo nayo husimuliwa kombo.

"Ni sheria ya Reagan."

Rais Ronald Reagan aliisaini, tarehe 1 Oktoba 1986, na aliunda tume ya kuchunguza ulinzi, chini ya David Packard, iliyounga mkono sehemu kubwa ya mabadiliko. Lakini Waziri wake wa Ulinzi, Caspar Weinberger, aliyapinga kwa muda mrefu, na Waziri wa Jeshi la Majini, John Lehman, aliyapiga vita waziwazi (wenzetu wana waziri wa Jeshi la Nchi Kavu, wa Majini na wa Anga, chini ya yule mkubwa). Walioibeba sheria ni Barry Goldwater, Mrepublican wa Arizona aliyeongoza kamati ya ulinzi ya Seneti. Sam Nunn, Mdemocrat wa Georgia. Na katika Baraza la Wawakilishi, Bill Nichols, Mdemocrat wa Alabama aliyepoteza mguu katika Vita Kuu ya Pili. Kinachochekesha ni kwamba mwaka 1964, hotuba iliyomtoa Reagan kwenye filamu na kumwingiza kwenye siasa ilikuwa ya kumpigia debe Goldwater huyo huyo, aliyekuwa akigombea urais.

"Kura 95 kwa 0: hapakuwa na ubishi."

Hayo ndiyo matokeo ya Seneti ya tarehe 7 Mei 1986, na ndiyo yanayowafanya watu waseme vyama viwili vilipendana siku hizo. Mimi naona kura hiyo inaficha zaidi ya inavyoonyesha. Ugomvi ulikuwepo, tena mkali, ila haukufuata vyama. Miongoni mwa wapinzani wakubwa kamatini alikuwa John Warner, Mrepublican mwenzake Goldwater, ambaye aliwahi kuwa Waziri wa Jeshi la Majini. Nunn, wa chama pinzani, ndiye aliyesimama na Goldwater bega kwa bega. Walichokuwa wanapambana nacho ni Pentagon yenyewe, yaani makao ya Wizara ya Ulinzi, ambako kila jeshi lilikuwa kama mwamba ngoma: ngozi huvutia kwake.

Ukitaka kujua ngozi ilichanikaje, tazama usiku wa tarehe 24 Aprili 1980, jangwani Iran, Marekani ilipojaribu kuwaokoa raia wake waliotekwa ubalozini Tehran. Helikopta ni za Jeshi la Majini, marubani wengi ni wa Marine (jeshi la askari wa kutua pwani), ndege za mafuta ni za Jeshi la Anga, na makomando wa kuokoa mateka ni wa jeshi la nchi kavu. Hawakuwahi kufanya zoezi la mpango mzima wakiwa pamoja. Helikopta 8 ziliondoka. Zilizobaki salama kwa kazi zilikuwa 5, na mpango ulihitaji 6. Ikaamuliwa warudi. Katika wingu la vumbi lililotimuliwa na mapanga, helikopta moja ikaparamia ndege iliyojaa mafuta. Wakafa watu 8, na adui hajafyatua risasi hata moja. Miaka mitatu baadaye, tarehe 23 Oktoba 1983, lori la mabomu liliua Wamarekani 241 kambini Beirut, Lebanon. Kamati ndogo ya Nichols ilipochunguza, ikakuta ngazi ya amri ndefu kiasi kwamba usalama wa kambi ulikuwa wa wengi, yaani si wa yeyote.

"Ni wanasiasa walioingilia mambo ya wanajeshi."

Aliyepiga kengele ni mwanajeshi. Mwaka 1982 Jenerali David Jones, akiwa bado Mwenyekiti, aliwaambia wabunge kwamba mfumo umeharibika. Ushauri ulipaswa kukubaliwa na wakuu wote, kwa hiyo ulifika kwa Rais umechujwa mpaka hauna ladha.

"Iliponya kila kitu."

Iliponya amri: mwaka 1991, Jenerali Schwarzkopf, kamanda wa eneo hilo, aliongoza majeshi yote ya Marekani katika Vita vya Ghuba bila mkuu wa jeshi lolote kumvuta shati. Ikafanya pia utumishi katika ofisi za pamoja, zinazochanganya majeshi yote, kuwa sharti, kwa kawaida, la kupata ujenerali, na hapo ndipo maofisa walipoacha kuzikimbia. Ununuzi wa silaha, hata hivyo, bado unachelewa na kupanda bei.

Na kwa mkazi wa Lamu jambo hili haliko mbali. Askari wa Kimarekani walioko kambi ya Manda Bay wako chini ya kamanda wa AFRICOM, kamandi ya Marekani kwa Afrika, ambaye makao yake ni Stuttgart, Ujerumani. Kamanda huyo anawajibika kwa Waziri wa Ulinzi, na juu yake Rais. Yule "Mkuu wa Majeshi" wa redioni hayumo katika ngazi hiyo.